Sakarani: shajara ya kijitabu cha maisha ya Tom von Prince

11 Januari

Nimenunua kaunta buku mpya na kuandika jina la kazi ukurasa wa kwanza. Nia ni kijitabu cha kurasa 40 hivi, kwa Kiswahili chepesi, kitakachosimulia maisha ya Tom von Prince: mwanajeshi wa Kijerumani aliyeacha jeshi mwaka 1900 akaja kulima hapa Usambara, karibu na Soni, na shamba lake likaitwa Sakarani. Mwenye shamba alikufa zamani, wakoloni wenzake walifukuzwa zamani, lakini jina bado lipo mlimani na watu wanalitaja kila siku.

Nilifundisha historia shule za msingi za huku miaka 31. Kila nilipouliza darasani maana ya Sakarani, watoto walinijibu kwamba ni neno la Kisambaa, au ni jina la mtakatifu, kwa kuwa pale sasa ni misheni. Si Kisambaa, na si mtakatifu. Ni jina la utani la mtu, na mtu huyo alilipata vitani, mbali na milima hii. Nilistaafu bila kuwaeleza vizuri. Hilo ndilo deni ninalotaka kulilipa.

Wenzangu ni watatu: mpwa wangu aliyesoma Kijerumani Dar es Salaam, kijana mpiga picha wa hapa Soni, na binti wa jirani anayechapa kwa kompyuta haraka kuliko ninavyosoma. Fedha ni mafao yangu na michango midogo ya ndugu.

19 Januari

Nimeandika sura ya kwanza, utotoni. Ni fupi na itabaki fupi. Alizaliwa tarehe 9 Januari 1866 kisiwani Mauritius, baba Mwingereza, mama Mjerumani. Wazazi walifariki, akalelewa na kusomeshwa Ujerumani, akaingia jeshini. Mwaka 1890 alishafika pwani yetu akiwa luteni. Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani, Desemba 1889, na Wajerumani walikuwa wanatazama bara.

Mpwa wangu anasema sura ya utotoni huwa ndiyo inayowavuta wasomaji. Nimemwambia asubiri. Huyu mtu kwetu anaanza pale alipopewa jina.

2 Februari

Nilishuka Tanga kwa basi la alfajiri kwa ajili ya neno moja tu. Mwalimu wa madrasa niliyemfuata ni mtu mzima, ana macho ya upole na haharakishi jambo.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba, mwalimu. Neno gani limekutoa huko baridini?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakumbuka sakarati ya mauti, yale machungu ya mtu anapokata roho, wakati akili imeondoka na mwili bado unapigana. Nikasema nakumbuka. Akasema basi ni shina hilohilo. Kusakari ni kulewa. Sakarani ni aliyelewa, aliyetekwa na kitu mpaka hajimiliki.

Wajerumani wenyewe waliandika kwamba askari na watu wa bara walimwita Prince hivyo kwa sababu alipoingia vitani alikuwa kama amelewa vita. Aliandika kumbukumbu zake za miaka ya uluteni, 1890 hadi 1895, zikachapishwa mwaka 1914, na mtu anayezisoma anaona kwamba jina lile halikumchukiza hata kidogo. Alilipenda. Hatimaye akaliita shamba lake kwa jina hilo.

Hapa nataka wasomaji wasimame. Watu wetu waliwapa wale maofisa majina kwa jicho kali sana. Carl Peters aliitwa Mkono wa Damu. Emil von Zelewski, aliyeuawa na Wahehe Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, aliitwa Nyundo. Hayo hayakuwa majina ya kubembeleza. Mtu aliyesema "Sakarani" alikuwa anamwonya mwenzake: huyu akishaanza hasikii. Na mwenyewe akalichukua onyo lile akalifanya nishani.

9 Februari

Kijerumani cha vitabu vile kimechapwa kwa herufi za kale zinazoitwa Fraktur. Programu ya simu inayosoma maandishi inatoa takataka tupu: herufi s inaisoma f, k inaisoma t. Mpwa wangu ameamua kuandika upya kwa mkono kila ukurasa tunaouhitaji, halafu ndipo afasiri. Kurasa 6 kwa jioni moja, akiwa hajachoka. Nimempelekea chai na mihogo, na nimeshika taa umeme ulipokatika.

17 Februari

Sura ya Tabora. Nimeiandika mara nne na bado usingizi haujanijia vizuri.

Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi penye Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara: pembe za ndovu zilipita, watu walipita, bidhaa za pwani zilipita, na mtemi alitoza hongo, yaani ushuru wa njia. Mtemi Isike alikalia kiti tangu mwaka 1876. Wajerumani walipojenga boma Tabora hakukubali kuwa mtu wa kutumwa. Mwaka 1892 walimshambulia zaidi ya mara moja na ngome yake ikawashinda. Januari 1893 akaletwa Luteni Prince.

Safari hii askari walipenya mpaka ndani ya kwikuru, makao ya mtemi. (Neno Ikulu tunalolitumia leo kwa nyumba ya Rais linatoka huko kwa Wanyamwezi. Nimeliweka kwenye kijitabu, kwa sababu nataka mtoto ajue kwamba kilichovunjwa siku ile kilikuwa ikulu kweli, si kibanda.) Isike alipoona wamefika, aliingia bohari ya baruti pamoja na watu wa nyumba yake na kuilipua. Hakufa papo hapo. Wajerumani walimtoa akiwa taabani wakamnyonga.

Prince alikuwa na umri wa miaka 27.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema "Prince alifanikiwa kuiteka ngome". Nimeifuta. Si kwamba ni uongo, ila sentensi ile inamweka msomaji nyuma ya bunduki ya Prince na kumwacha Isike awe ukuta tu wa kurukwa. Sasa sentensi inaanza na Isike, naye ndiye anayetenda: aliingia, alilipua. Mpwa wangu alisoma akasema, "Shangazi, sasa ndiyo nimemwona." Nimeridhika na hilo.

1 Machi

Hesabu: nauli ya Tanga, karatasi, wino, vocha za intaneti. Tumeshatumia karibu robo ya akiba. Safari ya Iringa haiepukiki, kwa hiyo picha za rangi zitapungua.

14 Machi, Iringa

Nimepanda basi Mombo jana asubuhi, nimefika usiku. Leo nimekwenda Kalenga.

Kwa aliyekulia Usambara, nchi hii ni wazi mno. Kwetu ukiinua macho unakutana na mlima. Hapa macho yanakwenda mpaka yachoke. Nilikuwa nimezoea kumfikiria Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kama mtu wa kitabu cha darasa la sita. Lakini ukisimama Kalenga kwenye mabaki ya ngome yake, unaona kwamba huyu alikuwa mjenzi na mpangaji wa dola. Ukuta wa mawe ulizunguka mji mzima. Ulianguka tarehe 30 Oktoba 1894, jeshi likiongozwa na Gavana von Schele, na Prince akiwa miongoni mwa maofisa walioingia.

Mkwawa hakukamatwa. Aliingia porini, akapigana miaka minne mingine. Na kazi ya kumsaka ndiyo iliyomfanya Prince awe mtu mkubwa. Mwaka 1896 alianzisha boma jipya mlimani juu ya Ruaha Mdogo, na huo ndio mji wa Iringa wa leo, wenye jina linalotoka kwenye neno la Kihehe la ngome, lilinga. Mkewe Magdalene alikuja naye akaishi humo bomani, akaandika shajara iliyochapishwa kitabu mwaka 1903. Tumefasiri sehemu zake. Ana jicho zuri kwa bustani, mifugo na hali ya hewa, na anamtaja Mhehe kama mtu anayezungumza na kuheshimika. Halafu ukurasa unaofuata kuna kijiji kimechomwa.

Vijiji vilichomwa, mazao yalichukuliwa au kuharibiwa, ili Mkwawa akose wa kumlisha. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu. Prince alimsimika Mpangile, mdogo wake Mkwawa, awe mtawala badala yake, Desemba 1896. Haikupita hata robo ya mwaka akamtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Akamnyonga. Nimekaa na jambo hili muda mrefu leo, pale nje kwenye kivuli. Mtu anavikwa heshima kuu mbele ya watu wake, na aliyemvika ndiye anayemtundika kabla mvua za masika hazijaanza.

Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, doria ya Sajini Mkuu Merkl ilimfikia Mkwawa. Alikuwa amekwisha kujipiga risasi. Zawadi ya rupia 5,000 ilikuwa imeahidiwa kwa kichwa chake, na kichwa ndicho walichokikata wakakipeleka bomani Iringa, kwa Prince. Fuvu lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga vita kuu ya kwanza, una kifungu, cha 246, kinachoiagiza Ujerumani ilirudishe. Ilichukua miaka 35 zaidi: Gavana Twining wa Tanganyika alilipata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa hapa Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Liko kwenye sanduku la kioo. Ni dogo kuliko nilivyotarajia. Kijana wetu mpiga picha alinyanyua kamera, kisha akaishusha mwenyewe kabla sijasema neno. Kijitabu hakitakuwa na picha hiyo. Tutaweka picha ya ukuta.

30 Machi

Masika yameanza, barabara ya Soni imeteleza, binti wa jirani hakuja siku tatu. Nimetumia muda kusoma upya nilichoandika. Naona tatizo: sura mbili za vita, kisha ghafla mtu yuko Usambara anapanda miti. Msomaji atadhani ni watu wawili tofauti. Lazima nijenge daraja.

13 Aprili

Daraja nimelipata, na limejengwa kwa ardhi na kazi.

Ardhi kwanza. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya serikali ya Kijerumani kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa, kwa Msambaa, ardhi isiyo na mwenyewe ilikuwa ipi? Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe. Msitu wa matambiko una mwenyewe. Mteremko ambao babu yako alilima na wewe utaurudia baada ya miaka, una mwenyewe. Kwa mpimaji wa Kijerumani vyote hivyo vilikuwa pori. Na mwaka uleule wa 1895 Wajerumani walikuwa wamemnyonga Mputa wa ukoo wa Kilindi, ukoo uliotawala Usambara, mtoto wa Semboja, wakamweka Kinyashi kwenye kiti cha utawala pale Vugha. Kwa hiyo hakukuwa na Zumbe, yaani mtawala, wa kusimama na kusema hapana akasikilizwa.

Walowezi walizipenda hizi milima kwa baridi yake. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilikuwa inasogea polepole, ikafika Mombo mwaka 1905, chini kabisa ya mlima wetu. Lushoto iliitwa Wilhelmsthal, ikawa makao ya wilaya. Prince alipoacha jeshi mwaka 1900 akiwa kapteni, hakuja kwenye nchi ya kigeni isiyo na mpango. Alikuja mahali ambapo vita vya wenzake vilikwisha kusafisha njia, kama vya kwake vilivyosafisha Tabora na Iringa.

Halafu kazi. Shamba kubwa halilimwi na kapteni na mkewe. Wasambaa walikuwa na migomba yao, mahindi yao, mbuzi wao; hawakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu. Kodi ya kibanda ya miaka ya mwisho ya 1890 ilikuwa ya kuwasukuma. Haikutosha. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmsthal ikaweka utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipaswa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, na kadi inawekwa alama siku kwa siku.

Nilimpelekea habari hii mzee mmoja wa huku Soni aliyevuka miaka 90. Hakunisubiri nimalize.

"Kipande," akasema. "Hicho ni kipande, mwanangu."

Yeye alikijua kwenye mashamba ya mkonge kule chini, wakati wa Mwingereza: siku 30 za kazi kwenye kadi, zikijaa ndipo unalipwa. Baba yake alikijua kabla yake, huku juu. Alinyoosha kiganja cha kushoto akaonyesha namna karani alivyokuwa anaipigia kadi mstari, na vidole vyake vilitetemeka, sijui kwa uzee au kwa nini. Neno hilo limetumika toka kwa baba hadi kwa mtoto bila kubadilika, na kwenye kijitabu limepata kichwa chake cha habari.

Jambo jingine linaloniuma na kunivutia pamoja: wafanyakazi wengi wa mashamba ya Usambara enzi zile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walitembea kutoka bara majuma kwa majuma kuja kutafuta rupia za kodi. Yaani watu wa nchi ya Isike, miaka saba au kumi baada ya ile bohari kulipuka, walipandisha mlima huu wakabeba majembe katika mashamba ya walowezi. Nyumba kadhaa za huku zina babu Mnyamwezi. Ya kwetu mojawapo.

4 Mei

Leo tumekwenda Sakarani wote wanne. Tumekaribishwa vizuri, tumeonyeshwa bustani. Watawa Wabenediktini walilinunua shamba miaka ya 1940, baada ya serikali ya Kiingereza kutaifisha mali za Wajerumani kufuatia vita kuu ya kwanza na mashamba kupita mikono kadhaa. Sasa kuna makadamia, zabibu za divai, kahawa, ukimya. Jina hawakulibadilisha.

Kijana alipiga picha 140. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikitazama mteremko. Ni pazuri, siwezi kusema vinginevyo. Na kwa mara ya kwanza nilimwona Prince kama mtu: miaka 34, ana mke aliyevumilia Iringa, amechoka au hakuchoka, anasimama hapa asubuhi ukungu ukipanda kutoka Mombo. Nilijiuliza kama alimkumbuka Mpangile akiwa hapa. Hilo haliingii kijitabuni, ni langu la daftari tu.

Kaiser, mfalme wa Wajerumani, alimpa heshima ya kuongeza "von", alama ya ukabaila, mbele ya jina lake. Kwetu hakuna aliyejali. Aliendelea kuwa Bwana Sakarani.

18 Mei

Pigo. Duka moja la kuchapisha tuliloliachia flashi ili watutolee nakala za kusahihisha limepoteza flashi, na kompyuta ya binti wa jirani nayo ilikuwa imeharibika wiki iliyopita. Sura ya tatu na ya nne zimekwenda. Nilikaa ukumbini jioni nzima nikitazama ukuta. Kisha nikakumbuka kwamba nimeandika kila kitu humu kwanza kwa mkono. Kesho tunaanza kuchapa upya.

8 Juni

Sura ya nne imerudi, na kwa kweli imekuwa bora. Nilipoisoma kwa sauti ili binti achape, nilisikia mahali sentensi zilipokuwa nzito. Nimekata karibu theluthi. Sasa nimebakiza Tanga.

22 Juni, Tanga

Nimetembea kutoka stesheni ya zamani hadi upande wa Ras Kasone, jua kali, miguu imevimba. Lakini bila kutembea hutaielewa vita ya Tanga, kwa sababu yote ilitokea ndani ya mwendo wa mtu wa miguu.

Januari 1914 alifika kamanda mpya, Paul von Lettow-Vorbeck. Katika kuizunguka nchi alipanda Usambara akamkuta Prince, na wakaelewana mara moja: Prince alitaka walowezi wa kaskazini waundwe vikosi vya bunduki. Vita ilipolipuka Agosti, mlima wetu ukashusha wakulima wa Kijerumani wamekuwa askari. Tarehe 15 Agosti 1914 Prince aliongoza kikosi kilichovuka mpaka kikaiteka Taveta. Miaka 14 ya shamba, na siku kumi na kitu baada ya tangazo la vita yuko mbele tena. Jina lake lilikuwa limelala tu.

Tarehe 2 Novemba meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na watu karibu 8,000, wengi wao Wahindi kutoka Bara Hindi, chini ya Meja Jenerali Aitken. Walikuwa wamekaa baharini muda mrefu, wagonjwa, hawajazoea mwitu wala joto. Upande wa Wajerumani walifika hatimaye kama 1,000, walio wengi wakiwa askari weusi, wakishushwa kwa treni kutoka Moshi kwa reli ileile iliyojengwa kubebea kahawa na mkonge. Nalisisitiza hilo katika sura: reli ya shamba iligeuka reli ya vita kwa usiku mmoja.

Tarehe 4 mapigano yaliingia mitaani. Vikosi vya Kiingereza vilifika mpaka karibu na katikati ya mji. Prince aliletwa na watu wake kuziba, nyumba kwa nyumba, na hapo akapigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 48. Nyuki nao walitoka kwenye mizinga iliyokuwa mitini wakawauma watu wa pande zote. Kisa hicho kila mtu wa Tanga anacho, nami nimekiweka kwa mistari miwili, maana kikiwekwa zaidi kinafunika maiti. Waingereza walipoteza watu 847 kwa waliokufa na waliojeruhiwa. Tarehe 5 walirudi melini wakiacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi 600,000 ufukweni. Silaha hizo ndizo zilizoilisha vita iliyochukua wapagazi wetu kwa maelfu hadi mwaka 1918.

Ushindi wa Tanga ulimpa Lettow-Vorbeck sifa yake yote. Prince hakuuona. Na mimi niliposimama pale barabarani, bodaboda zikipita, muuza madafu akiniuliza kama napotea, niliwafikiria zaidi wale askari waliofia mitaa ile. Baadhi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, watoto wa watu walewale waliopigwa miaka ishirini nyuma. Nilinunua dafu, nikakaa.

6 Julai

Nimefanya uamuzi mkubwa na mpwa wangu hakuupenda mwanzoni. Kijitabu hakitaanza Mauritius. Kitaanza Tabora, Januari 1893, Isike akiingia boharini. Utoto wa Prince umehamia ukurasa wa 5, aya mbili. Sura ya shamba inaanza na ile amri ya ardhi, na Prince anatokea ukurasa wa tatu wa sura hiyo, akipanda mlima ambao tayari umeshachukuliwa kwa karatasi.

Mpwa alisema, "Lakini shangazi, kitabu ni cha maisha yake." Nikamjibu kwamba ndiyo, na haya ndiyo maisha yake. Ukimtoa Isike, Mpangile, Mkwawa, mwenye kipande na Mnyamwezi mwenye jembe, kinachobaki ni bwana mmoja kwenye baraza la nyumba nzuri, na hicho tulikuwa nacho tangu zamani. Alikwenda kulala na jibu hilo. Asubuhi alirudi na pendekezo la jalada: neno SAKARANI kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maana yake. Hakuna sura ya mtu. Nimekubali bila kubisha.

20 Julai

Kurasa 44. Nne zaidi ya mpango, zote ni za kipande na ardhi. Nimempelekea yule mzee nakala ya kwanza iliyotoka kwenye printa, karatasi zimebanwa kwa pini. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la saba ndiye aliyemsomea, barazani, mimi nikiwa kando na kalamu nyekundu. Alipofika kwenye siku 30 katika kila miezi minne, mzee alimsimamisha akamwambia arudie. Mtoto akarudia. Mzee akasema nimesahau kuandika kwamba siku ya mvua, hata kama ulikwenda, karani alikuwa haipigii mstari kule mkongeni, na hata siku ya ugonjwa pia.

Nimeiongeza pembeni ya ukurasa wa 31, na kesho binti ataichapa.